Futi 14 au futi 16: boti ya alumini kwa maji ya Mbegani

Boti ya alumini yenye kitako bapa si chombo cha asili kwetu. Sisi tuna mtumbwi, ngalawa, dau na mashua, na siku hizi boti za faiba zimejaa madikoni. Lakini vikundi vinavyonenepesha kaa, vinavyofuga jongoo bahari na vinavyolima mwani vimeanza kuziulizia boti hizi nyepesi, na swali lao la kwanza ni hilohilo: tuchukue ya futi 14 au ya futi 16? Bei huwavuta kwenye ndogo. Mimi, kwa maji ya Mbegani, pwani ya Bagamoyo, huwashauri wengi wao wachukue kubwa, na sababu yangu kuu si urefu.

Tazama vipimo vyenyewe. Boti ya futi 14 ya aina hii mara nyingi huwa na kitako chenye upana wa inchi 36, yaani sentimita 91. Ya futi 16 mara nyingi huwa na inchi 48, sentimita 122. Kwa urefu, kubwa imeizidi ndogo kwa sehemu moja tu kati ya saba. Kwa upana imeizidi kwa theluthi nzima. Mnunuzi anayeuliza futi bila kuuliza inchi za kitako hajauliza kitu.

Upana ndio unaobeba mzigo. Ukiondoa sehemu ya omo inayopinda kwenda juu, kitako cha boti ndogo hukalia maji kwa kama mita za mraba 3.3, na cha kubwa kwa mita za mraba 5. Maana yake ni kwamba kila sentimita moja inayozama, boti ndogo husukuma lita 33 za maji na kubeba kilo 33 hivi, na kubwa hubeba 50. Sasa zipakie zote mbili mzigo mmoja: watu watatu wa kilo 70, mashine ya kilo 40, na tanki la mafuta la kilo 20. Boti ndogo tupu ina uzito wa kilo 75 hivi, kubwa 140. Ndogo itakuwa na jumla ya kilo 345 na itazama sentimita 10 na nusu. Kubwa itakuwa na kilo 410, lakini itazama sentimita 8 tu.

Jambo hili huwashangaza wengi. Boti iliyo nzito karibu maradufu ndiyo inayoelea kwenye maji machache zaidi. Na Mbegani ni mahali ambapo sentimita mbili zina maana. Ghuba imekingwa na ulimi wa mchanga ambao wageni huujua kwa jina la Lazy Lagoon, chini kuna mchanga na tope, kandokando kuna mikoko, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Vijito vya mikokoni vilivyokuwa na kina cha kutosha asubuhi huwa matope matupu mchana. Anayepakia mwani mbichi analijua hili vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu gunia moja la mwani mkavu hutokana na magunia kadhaa ya mwani uliolowa, na huo uliolowa ndio unaosafirishwa na boti.

Upana unafanya kazi ya pili, nayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Uwezo wa chombo kupinga kuegama haukui sambamba na upana. Hukua kwa upana uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ongeza theluthi ya upana na urefu kidogo, na uwezo huo unakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Hebu fikiria watu wawili wameinamia ubavu mmoja kuvuta dema lililojaa maji na tope. Kwenye boti ya inchi 36, ukingo hushuka mpaka karibu na uso wa maji, na mmoja wao akiteleza, maji yanaingia. Kwenye inchi 48 boti inainama kidogo na kukaa palepale. Wanaofanya kazi ya kuinama siku nzima, na wengi wao ni wanawake wa mwani, wanastahili chombo kisichowahesabia kila hatua.

Lakini kitako bapa kina hila yake, na hapa boti zote mbili ni sawa. Kinatulia sana mwanzoni, kisha kikipita kiwango fulani kinapinduka ghafla, tofauti na mashua yenye tumbo la mviringo ambayo huyumba mapema lakini hukupa onyo. Adui mkubwa ni maji yaliyo ndani. Sentimita 5 za maji ya mvua kwenye boti ndogo ni kilo 165 hivi, kwenye kubwa ni 250, na maji hayo hayatulii. Yanakimbilia upande ulioinama kama kwenye sinia, yakauvuta zaidi. Usiku mmoja wa masika unatosha kuyajaza. Kwa hiyo kufua maji kabla ya mtu yeyote kupanda ni lazima, na upo ufungwe kwa kamba ndani ya boti usije ukasahaulika nyumbani.

Boti ndogo inashinda mahali pamoja, na ushindi huo ni wa kweli: siku mnapopwelewa. Kilo 75 bila mashine, watu wawili wenye nguvu huinyanyua na kuvuka mchanga. Kilo 140 zinataka watu wanne, na kama kitako kimelalia tope hata wanne hutoa jasho, kwa sababu tope hunata kwenye eneo lote la bapa na kuishika boti. Dawa yake si kuvuta mbele. Itikisweni kutoka pembeni, ubavu mmoja juu, mwingine juu, mpaka maji yapenye chini, ndipo mvute. Mtu anayevua peke yake au na mwanawe, anayeingia vijito vyembamba kwa upondo na kuiburuta boti mpaka kivulini kila jioni, achukue futi 14 bila kusitasita. Kikundi cha watu watano kisichukue.

Kuhusu mashine, watu hudhani boti kubwa lazima ipate mashine kubwa, na hapo bajeti huvunjika. Mashine ya nguvu ya farasi 15, ile inayochanganya petroli na oili, ikisukumwa mpaka mwisho hunywa lita 6 au 7 kwa saa. Ya 40 hukaribia 18 au 20. Boti ndogo yenye watu wawili na mashine ya 15 hupanda juu ya maji na kuteleza. Kubwa iliyopakiwa haitapanda kwa mashine hiyo, itakata maji polepole, kama kilomita 9 kwa saa. Sasa jiulize unakwenda wapi. Safari nyingi za ndani ya ghuba, mpaka kwenye vizimba au mashamba ya mwani ya Mlingotini, ni za kilomita chache. Mwani hauhitaji kasi. Ushauri wangu kwa vikundi ni boti kubwa kwa mashine ndogo, na fedha iliyobaki inunue jaketi okozi kwa kila anayepanda, pamoja na nanga na makasia mawili ya akiba.

Hakuna hata moja kati ya boti hizi mbili inayofaa bahari ya nje. Kitako bapa hupigwa na wimbi kwa eneo lake lote, na alasiri ya kusi mawimbi mafupi ya nje ya ghuba huwa makali. Mlango wa Ruvu, mkondo wa kupwa unapokutana na upepo, ni mahali pa mashua na nahodha anayepajua. Kuvuka kwenda Unguja, kilomita 40 na kitu, kwa boti ya namna hii ni kucheza na roho za watu. Tazama pia ubao wa tezi unaoshika mashine. Mara nyingi hukatwa kwa kimo cha inchi 15 ili ufae mashine ya shafti fupi, na hapo ndipo maji huingia kwanza. Usifunge nanga tezini hata kwa dakika tano.

Kwa vipimo vyote viwili, alumini ina masharti ambayo mafundi wetu wa mbao hawakuyazoea. Haitoboki kwa wadudu wa baharini na haihitaji kalfati wala sifa, lakini kwenye maji ya chumvi huliwa ikigusana na shaba. Kipande cha waya wa umeme kilichosahaulika ngamani kinaweza kutoboa bati lenye unene wa milimita 2. Rangi za kuzuia viumbe vya baharini zenye shaba, zinazopakwa kwenye boti za faiba, zisiguse boti hii kabisa. Vivyo hivyo mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, kwa kuwa dawa nyingi za aina hiyo zina shaba. Funga kipande cha zinki kinacholiwa badala ya boti, na suuza kwa maji baridi kila inapowezekana. Ikipasuka, fundi wa mageti hataiziba kwa mashine yake ya kawaida. Inataka uchomeleaji wa gesi ya agoni. Kati ya boti iliyopigwa ribiti na iliyochomelewa, chagua iliyochomelewa, maana ribiti hulegea kwa kupigwapigwa na mawimbi na kuanza kuvuja.

Jirani nanyi kuna chuo cha uvuvi cha FETA Mbegani, kituo kilichokuzwa kwa msaada wa Norway kuanzia miaka ya 1970. Wapo watu pale wanaojua kukagua chombo kwa macho na kwa mkono. Muombeni mmoja wao awasindikize. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo ni kazi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na ni vizuri kuwauliza masharti kabla ya kulipa.

Kisha ijaribuni boti kabla fedha haijatoka mkononi. Ishusheni majini maji yakiwa yamejaa, pakieni madumu kumi ya lita 20 yaliyojaa, hizo ni kilo 200, pamoja na mashine, tanki na watu wawili. Pimeni kwa rula kutoka usoni mwa maji hadi ukingo wa chini kabisa, pale tezini. Halafu wote wawili wasimame ubavu mmoja, mpime tena. Ukingo ukiwa umebaki na chini ya shibiri moja, boti hiyo ni ndogo kwa kazi yenu, hata muuzaji akipunguza bei.