Pilipili Kichaa: Usihesabu Magunia Tu, Hesabu na Wachumaji

Pilipili kichaa haihitaji shamba kubwa. Robo ekari, ukiacha sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya miche, inabeba takriban miche 2,250. Miezi mitatu hivi baada ya kuhamisha miche kutoka kitaluni unaanza kuchuma, na ukilitunza shamba unaendelea kuchuma kwa miezi kadhaa.

Basi mbona pesa inaingia kwa simu lakini haikai? Tupige hesabu ya wiki moja. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwenu.

- Umeuza kilo 40 kwa bob 80: 3,200
- Wachumaji, bob 25 kwa kilo: 1,000
- Usafiri: 300
- Dawa na mbolea: 350
- Imebaki: 1,550

Sasa bei ishuke hadi bob 50. Unapata 2,000, lakini gharama ni ile ile 1,650. Umebaki na 350. Bei imeshuka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, ila faida imepotea zaidi ya robo tatu! Mchumaji analipwa kwa kilo, soko liwe juu au chini. Kwa hesabu hii, bei ikienda chini ya bob 42 unachuma hasara.

Je, nikikausha?

Kukausha kunakupa nafasi ya kungoja bei. Lakini kilo nne hivi mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu. Kama mbichi inaenda kwa bob 80, kavu chini ya 320 haikulipi. Anika juu ya wavu ulioinuliwa, si chini kwenye udongo. Unyevu huleta ukungu na sumu ya aflatoksini, na mnunuzi akiuona mzigo hivyo ataukataa.

Simu iwe daftari lako

Tenga laini au till ya shamba, isichanganyike na pesa ya unga na karo. Walipe wachumaji kwa simu pia, ili kila malipo yabaki na rekodi. Mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala, toa yaliyotoka kwa yaliyoingia, na utajua kama ni biashara ama ni jasho tu.

Siku ya kuuza, usiamini ujumbe peke yake. Angalia salio lako kabla gunia halijapanda pikipiki. Mtu akikupigia akidai amekutumia kimakosa, usimrudishie mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Na PIN usimpe yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Kabla ya kuchuma wiki hii, andika bei ambayo ukishuka chini yake unapata hasara. Broka akifika, utakuwa unajua pa kusimama.