Uwanja wa Trafalgar na Kofia ya Mchungaji Chilembwe

Mgeni atokaye katika stesheni ya Charing Cross, mjini London, hana haja ya kuuliza njia ya kwenda Uwanja wa Trafalgar. Akiinua macho tu ataona nguzo ya mawe ipitayo mapaa ya nyumba, na juu yake mtu aliyesimama peke yake, kofia ya kijemadari kichwani. Huyo ni Nelson, mkuu wa manowari za Waingereza, aliyeuawa tarehe 21 Oktoba, 1805, katika vita vya baharini karibu na rasi ya Trafalgar, pwani ya Uhispania. Siku hiyo merikebu za Wafaransa na Wahispania zilishindwa, na uwanja ukapewa jina la rasi ile. Zamani mahali hapo palikuwa na mazizi ya farasi wa mfalme.

Nguzo ilijengwa kuanzia mwaka 1840 hata 1843. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba urefu wake ni futi 185, na watu wakasadiki, maana ni nani angepanda na kamba ya kupimia? Mwaka 2006 mafundi waliokwenda kuitengeneza waliipima sawasawa, ikaonekana ni futi 169 tu. Sanamu yenyewe, ambayo kwa mtu aliye chini yaonekana kama mwanasesere, ina urefu wa futi 18 hivi. Mkono wake wa kuume haupo; Nelson aliupoteza vitani mwaka 1797, wala mchongaji hakumrudishia.

Chini ya nguzo wamelala simba wanne wa shaba, kazi ya Edwin Landseer. Bwana huyu alikuwa mchoraji wa picha za wanyama, hakuwa mchongaji, na kazi ikamchelewesha mno: simba waliwekwa mwaka 1867, miaka zaidi ya 20 baada ya Nelson kupandishwa. Watu wa London wanawapenda sana. Lakini mtu wa Narok au Voi akiwatazama vizuri huenda akacheka kidogo, kwa kuwa nyayo zao zafanana na za mbwa kuliko za simba.

Mgeni asiondoke hapo kabla ya kuzunguka upande wa kusini. Katika bamba la shaba lililo chini ya nguzo imechongwa habari ya kufa kwa Nelson: jemadari anabebwa, watu wake wamemzunguka, na miongoni mwao yuko baharia mweusi, bunduki mkononi. Fundi hakubuni jambo hilo. Watu weusi walikuwamo kweli katika merikebu zile.

Hatua chache mbele yupo Mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi wake, akiielekea njia ya Whitehall, ambako alikatwa kichwa mwaka 1649. Serikali iliyomwua iliuza sanamu hiyo kwa mfua vyuma mmoja, na kumwamuru aivunje vipande vipande. Yule fundi akaificha mpaka ufalme uliporudi, nayo ikasimamishwa hapo mwaka 1675. Maili za kutoka London kwenda miji mingine huhesabiwa kuanzia miguuni mwa farasi huyo.

Upande wa kaskazini ni nyumba kubwa ya picha za Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1838, ambayo mtu huingia bila kulipa kiingilio. Karibu yake ni kanisa la Mtakatifu Martin, lililokwisha kujengwa mwaka 1726.

Nyumba ya upande wa mashariki ni ya ubalozi wa Afrika Kusini, iliyofunguliwa mwaka 1933. Aliyeichora ni Herbert Baker, ndiye yule aliyeichora Nyumba ya Serikali ya Nairobi, ambayo sasa ni Ikulu. Kuanzia mwaka 1986 hata 1990 watu walisimama mbele ya ubalozi huo usiku na mchana, mvua na theluji, wakidai Nelson Mandela afunguliwe. Mwaka 1996 Mandela mwenyewe, akiwa Rais, alitokea katika roshani ya nyumba hiyo hiyo akawasalimu watu waliojaa uwanjani.

Katika pembe za uwanja kuna majukwaa manne ya mawe. Matatu yana majemadari wawili na mfalme mmoja. La nne lilikusudiwa kuchukua sanamu ya Mfalme William wa Nne, lakini fedha hazikutosha, likakaa tupu zaidi ya miaka 150. Tangu mwaka 1999 huwekwa kazi za mafundi mbalimbali, kila moja kwa zamu yake.

Mwezi wa Septemba, 2022, zamu ilimfikia Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi. Aliweka sanamu za watu wawili aliowatoa katika picha iliyopigwa mwaka 1914: Mchungaji John Chilembwe, na rafiki yake John Chorley, mmisionari Mwingereza. Katika picha hiyo Chilembwe amevaa kofia pana. Mtu wa leo hataona ajabu yoyote, lakini siku zile, katika Nyasaland, Mwafrika alitakiwa avue kofia yake mbele ya Mzungu, na kuivaa kulikuwa ni neno zito.

Mwaka huo huo Chilembwe aliandika barua gazetini kulalamika kwamba watu wake wanapelekwa kufa katika vita isiyo yao. Wengi walikuwa wameuawa Karonga, karibu na mpaka wa nchi iliyotawaliwa na Wadachi, yaani Tanganyika. Januari, 1915, aliongoza maasi juu ya wenye mashamba makubwa. Tarehe 3 Februari alipigwa risasi akafa, na kanisa lake la matofali likabomolewa na Serikali.

Kambalu alimfanya Chilembwe mrefu kupita Chorley, hata yule rafiki akaonekana kama kijana kando yake. Sanamu hizo zilishushwa mwaka 2024, zikapisha kazi nyingine. Kwa muda wa miaka miwili Nelson na Chilembwe walisimama katika uwanja mmoja, wote wawili wamevaa kofia.