Setilaiti na Kipimamvua: Mfanyakazi Aelewe Nini



Mwezi Mei 2022 tuliitwa katika tawi letu moja la shamba la chai, huku magharibi mwa Uganda. Wachumaji walikuwa hawakufikisha kilo walizopangiwa mwezi wa Aprili, na meneja alitaka kuwakata posho. Mkononi alishika karatasi. Alisema imetokana na vipimo vya setilaiti, nayo yaonyesha kuwa mvua ya mwezi ule ilikuwa ya kawaida. Kwa maneno yake, mvua ilikuwapo, kilichokosekana ni bidii.

Tulimwomba karani alete daftari la kipimamvua cha shamba. Tukalisoma siku kwa siku mbele ya kamati. Jumla ya mwezi ilikaribiana sana na ile ya karatasi. Setilaiti haikusema uongo. Lakini daftari lilionyesha pia kwamba zaidi ya wiki mbili zilipita bila tone, kisha mvua yote ikamwagika katika siku chache za mwisho. Mchai hauchipui kwa kufuata jumla ya mwezi. Udongo ukikauka wiki mbili, machipukizi husimama, na hata mvua ikirudi huchukua siku kadhaa kabla ya mkono kupata cha kuchuma. Baada ya mabishano marefu posho haikukatwa.

Tangu siku hiyo wenzetu wengi wametuuliza: chombo kilichoko angani kinapimaje mvua? Tukiamini au tukikatae? Tumeona vema tueleze hapa.

CHOMBO KINAONA NINI

Setilaiti zinazotazama Afrika mchana na usiku zinaitwa Meteosat. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1977. Hukaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, nazo huzunguka sawasawa na dunia, hivyo huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Kila baada ya dakika chache hupeleka picha.

Picha hizo si za mvua. Ni za mawingu, na hasa joto la kilele cha wingu. Wingu refu kilele chake hufika juu sana, kwenye baridi kali. Wataalamu hukadiria hivi: wingu lenye kilele cha baridi likikaa mahali kwa saa nyingi, bila shaka mvua imenyesha chini yake. Kwa njia hii mvua ya Afrika imekadiriwa tangu miaka ya 1980, hata mahali ambapo hapana kipimamvua.

Lakini makisio yana makosa yake. Kuna mawingu membamba ya juu, yenye baridi, ambayo hayana mvua. Setilaiti yaweza kuyahesabu. Tena kuna mawingu mafupi yanayojikusanya kwenye miteremko ya milima, vilele vyake si vya baridi sana, lakini hunyesha kweli kweli. Hayo setilaiti huyapuuza. Sisi tunaochuma chai milimani tunayajua, maana hutulowesha tangu alfajiri.

Ziko setilaiti nyingine zinazopima kwa mawimbi yanayopenya wingu na kufikia matone yenyewe. Marekani na Japani zilirusha moja mwaka 1997, na nyingine mwaka 2014. Hizi huona vizuri zaidi, ila hupita mahali pamoja mara chache tu. Mvua ikinyesha nyuma yao haionekani. Ndiyo sababu vipimo vya setilaiti mbalimbali, za nchi mbalimbali, huunganishwa pamoja.

MIZANI NA JIWE LAKE

Kila mchumaji anaijua mizani ya kupimia majani. Mizani mpya ikiletwa katikati ya msimu, na mfuko ule ule ukapungua kilo mbili, hatusemi kwamba wachumaji wamelegea. Tunataka mfuko mmoja upimwe kwenye mizani zote mbili, ya zamani na mpya, tuone tofauti.

Setilaiti nazo ni hivyo hivyo. Huchakaa na kubadilishwa. Kizazi cha pili cha Meteosat kilianza kurushwa mwaka 2002, na cha tatu Desemba 2022. Kila chombo kina macho yake. Kama vipimo vyao havikulinganishwa, mtu atakayesoma takwimu za miaka 40 ataona badiliko la chombo na kudhani ni badiliko la hali ya hewa. Ndiyo maana chombo kipya hutazama pamoja na cha zamani kwa muda, na kumbukumbu za zamani hupigwa hesabu upya. Mwaka 1992 mashirika ya kimataifa, likiwamo Shirika la Hali ya Hewa Duniani, yaliunda mpango wa pamoja wa kusimamia vipimo vya hali ya hewa ya dunia, ili nchi zikubaliane vipimwe vitu gani na kwa usahihi wa kiasi gani.

Hata hivyo mizani mbili zaweza kukubaliana na zote zikakosea. Lazima pawepo jiwe la kujaribia. Kwa mvua, jiwe hilo ni kipimamvua cha ardhini: milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Wataalamu huchukua kisio la setilaiti, wakalilinganisha na kipimamvua kilichoko mahali pale, siku ile ile.

Hapa pana sharti moja kubwa. Kipimamvua kilichotumika kutengenezea takwimu hakiwezi tena kuwa shahidi wa kuzithibitisha. Nyapara aliyeandika kilo hawezi kuwa ndiye anayekagua kitabu chake mwenyewe. Hivyo vipimamvua vingine huwekwa kando kwa ajili ya ukaguzi tu.

YALIYOTOKEA RWANDA

Jirani zetu wa Rwanda wametupa funzo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza watu, na pamoja nao kazi zao zote zilisimama. Vituo vingi vya mvua vilikoma. Kwa miaka kama kumi na tano vipimo vilivyopatikana vilikuwa vichache mno. Nchi ya wakulima wa chai, kahawa na maharage ikawa na pengo katika kumbukumbu ya mvua.

Baadaye idara yao ya hali ya hewa ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani. Walichukua makisio ya setilaiti, wakayasahihisha kwa vipimamvua vilivyokuwapo kabla na baada ya pengo, na hivyo wakapata kumbukumbu ya nchi nzima tangu miaka ya 1980. Angalieni, ndugu: setilaiti ilijaza pengo, lakini kilichoisahihisha ni madaftari ya watu waliosoma vipimamvua kila asubuhi.

TAKWIMU KWA AJILI YA NANI

Takwimu yaweza kuwa sahihi na bado isimfae mtu. Mpangaji wa serikali hutosheka na jumla ya mwezi. Mchumaji hutaka kujua siku kavu zilifuatana ngapi. Tena setilaiti hutoa wastani wa eneo la kilomita kadhaa kila upande, kumbe mlimani bonde moja hulowa na la pili likakauka.

Jambo hili sasa linagusa fedha. Huko Marsabit, Kenya, tangu mwaka 2010 wafugaji wameuziwa bima inayolipa kwa kufuata ukijani wa malisho unaoonwa na setilaiti. Malisho ya eneo yakionekana mazuri, mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekufa halipwi. Anayetumia takwimu lazima aulizwe mapema anahitaji nini. Nairobi kiko kituo cha hali ya hewa cha nchi za kanda hii, nacho tangu mwaka 1998 kimekuwa kikiandaa mikutano ya wataalamu na watumiaji kabla ya msimu wa mvua. Wafanyakazi wa mashamba nao ni watumiaji.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila tawi lijue kipimamvua cha shamba kiko wapi. Kisiwe chini ya mti wala karibu na ukuta. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata Jumapili. Siku isiyosomwa iandikwe kuwa haikusomwa. Asiandike mtu sifuri kwa kubahatisha.

Pili, tudai daftari hilo libandikwe ubaoni kila wiki.

Tatu, tukiletewa karatasi ya setilaiti tusiikatae kwa hasira, wala tusiipokee kwa hofu. Tuulize: ni ya siku au ya mwezi? Ni ya eneo kubwa kiasi gani? Imelinganishwa na kipimamvua kipi?

Katika tawi lile la chai maswali hayo matatu yalitosha kuokoa posho ya mwezi mmoja.