Bati Halichongwi

Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, ni mji wa mikono. Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza akiwa na ujuzi wa kuchonga alioupata kwa Wazaramo, na tangu hapo vinyago vya mpingo na muhuhu vya Wakamba vimesafiri hadi Ulaya na Marekani. Si ajabu basi kwamba mwenye gari la Probox lililopigwa ubavu na mkokoteni wa punda hujiona anaweza kuutengeneza mlango mwenyewe, pale pale uani. Imani hiyo imewalisha mafundi wa bodi wengi.

Sababu nyingine ni mfuko. Bima ambayo sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamlazimisha mwenye gari kuwa nayo humlinda mtu wa tatu. Mlango wako si mtu wa tatu.

Mchongaji hupunguza: kisichotakiwa kinaanguka chini kuwa vibanzi, kinachobaki ndicho kinyago. Bati lililobonyea halina cha kupunguza. Chuma chote kingali pale, kimehama tu milimita chache, na kazi ni kukirudisha kilikotoka. Bati la mlango lina unene wa milimita 0.7 hivi. Likisukumwa kiasi, hupinda na kubaki likitaka kurudi. Likisukumwa kupita kiasi, hutanuka, likawa kubwa kuliko nafasi yake. Mbinu za nyumbani zinaliweza bati la kwanza. La pili haziliwezi, hata video inayozisifu ikiwa na muziki mzuri.

Tuanze na ile inayofanya kazi kweli: maji ya moto kwenye bampa. Bampa nyingi za siku hizi ni plastiki ya polipropilini, ambayo hulainika ikipata joto. Mimina maji yanayochemka juu ya mbonyeo, vaa glavu, ingiza mkono kwa nyuma usukume taratibu. Ikirudi, imwagie maji baridi igande. Kama rangi haijapasuka wala vishikizo vya ndani havijavunjika, kazi imekwisha. Kinga maji hayo kwa karai. Kiangazi cha Ukambani, jirani anayenunua maji kwa mtungi hatapenda kuona bampa ikiogeshwa kuliko watoto.

Maji hayo hayo ukiyamwagia mlango wa chuma, utapata mlango safi.

Ya pili ni pampu ya mpira ya kuzibulia sinki. Lowesha bati na mpira, bandika, vuta sawasawa bila kushtua. Huitikia mbonyeo mpana usio na kina, uliokaa katikati ya bati tambarare, mathalani ule unaoachwa na mpira wa miguu. Mbonyeo mdogo wenye ncha, au uliokaa kwenye mkunjo wa mlango, hauitikii, kwa sababu mkunjo huo uliwekwa kiwandani makusudi ili bati lisipinde ovyo.

Ya tatu ndiyo yenye sifa nyingi na matokeo machache: mashine ya kukaushia nywele, kisha barafu kavu. Hesabu yake ni fupi. Chuma cha sentimita 5 kikipashwa nyuzi 60 zaidi hutanuka kwa takriban milimita 0.04. Mbonyeo uliokuwa karibu kuruka wenyewe huweza kusukumwa na tofauti hiyo. Mingine hubaki ilipo. Dawa ya meno, inayotajwa pia, husugua mikwaruzo hafifu ya juu ya rangi. Haijawahi kuinua bati, ila gari hunukia vizuri.

Iliyobaki ni kusukuma kutoka nyuma, na hapa ndipo Wamunyu ina la kuchangia. Nyundo ya chuma hulitandaza bati na kulitanua zaidi. Mti haufanyi hivyo kwa urahisi. Kipande cha mpingo kilichopigwa tupa na msasa hadi ncha yake ikawa butu na laini ni chombo kinachofaa. Usianzie katikati. Anzia ukingoni, sukuma kidogo kidogo ukizunguka kuelekea ndani, na kiduta kikijitokeza kando kigonge kwa mti kutoka nje. Egesha gari mahali ambapo nguzo ya baraza inaonekana kwenye rangi: kivuli cha nguzo kikiwa kimepinda, bado hujafika. Jicho likitazama bati moja kwa moja hudanganyika, lakini mstari ulionyooka hausemi uongo.

Kabla ya yote hayo, pitisha ukucha juu ya mbonyeo. Ukikwama kwenye ufa wa rangi, weka vyombo chini. Maji yataingia hapo na kutu itafuata, polepole hapa penye ukavu, haraka Mombasa penye chumvi. Ukihisi mkunjo mkali kama wa karatasi iliyokunjwa, bati limeshatanuka, mpelekee fundi. Naye umchunge, maana fundi mwenye haraka huacha shimo lilivyo, akalijaza puti na kupuliza rangi. Puti nene hupasuka baadaye, na mnunuzi mwenye sumaku ya shilingi chache ataigundua, kwa kuwa sumaku hainati juu yake.

Magari yetu mengi yaliingia nchini yakiwa yametumika, mengine yakikaribia miaka minane ambayo kanuni inaruhusu. Yalikuja na makovu yake na yataongeza mengine. Mlango ukifunga vizuri, kioo kikishuka na rangi ikiwa nzima, kuuacha mbonyeo ulivyo ni uamuzi halali wa kifundi, na ndio pekee usioweza kuuongeza. Ukishindwa kuuacha, basi jaribu bampa kwanza.