Kabla ya kupandisha mitambo Horombo

Agosti 2022 intaneti ya kasi ya TTCL, shirika la simu la Tanzania, ilifika kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro. Wapanda mlima walianza kutuma picha. Watafiti wana swali zito zaidi: oksijeni ya mgeni ikianza kushuka, data zake zichakatwe wapi?

Zikitumwa hadi kituo cha data cha Cape Town na mawasiliano yakakatika, tahadhari haimfikii mwongozaji. Kompyuta ndogo iliyofungwa kambini ingeonya papo hapo, kisha ikapeleka muhtasari tu mjini Moshi. Utaratibu huo, ambao watafiti wa Cisco waliueleza mwaka 2012, ndio uchakataji wa ukungu (fog computing).

Kupandisha mitambo mlimani ni ghali. Ndiyo maana majaribio huanza kwa programu za kuigiza mtandao. Inayojulikana sana ni iFogSim, iliyoandikwa kwa Java na kikundi cha Rajkumar Buyya wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Hupima ucheleweshaji, umeme na mzigo wa mtandao. Toleo la kwanza lilipanga vifaa kama mti, hivyo kambi mbili jirani hazikuweza kugawana kazi moja kwa moja. iFogSim2 imeliondoa tatizo hilo, tena inaigiza vifaa vinavyohama.

Lakini fungua mfano wa mchezo unaokuja na iFogSim. Kutoka seva ya kati hadi wingu, yaani kituo cha data cha mbali, ucheleweshaji ni milisekunde 100. Kutoka lango hadi seva hiyo, 4. Kutoka simu hadi lango, 2. Namba hizo zimeandikwa tu ndani ya programu. Anayeziacha zilivyo, kisha akasema ameigiza Kilimanjaro, hajaugusa mlima.

Zipo programu nyingine. EdgeCloudSim ya Chuo Kikuu cha Boğaziçi, Istanbul, inafaa kwa Wi-Fi na watu wanaotembea. FogNetSim++, iliyojengwa juu ya OMNeT++, huigiza mtandao kwa undani zaidi, ila inadai ujuzi wa C++.

YAFS, kutoka Chuo Kikuu cha Visiwa vya Balearic, Hispania, imeandikwa kwa Python. Humruhusu mtafiti kuondoa kifaa au kukata kiungo katikati ya jaribio, aone nini kinaendelea kufanya kazi. Kwa mlima wenye dhoruba, hilo ndilo swali la kwanza, na kwa hiyo YAFS ndiyo ya kuanzia.

Wanafunzi wa Moshi, na wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, wapimeni kwanza ucheleweshaji halisi wa Horombo, usiku na mchana, masika na kiangazi. Namba hizo ndizo za kuingiza.