KIJANA WETU ATAPATAJE NAFASI YA MAFUNZO KIWANDANI?



Kila mwaka, likizo kubwa ya vyuo inapokaribia, wazazi wengi katika chama chetu hupata taabu moja. Mtoto anasoma uhandisi, chuo kinamtaka aende kufanya mafunzo ya vitendo, lakini kila mlango anaobisha umefungwa. Jambo hili si dogo. Kwa mwanafunzi wa Makerere, Kyambogo, au vyuo vya ufundi vya Elgon, Lira, Bushenyi na Kichwamba, mafunzo hayo ni sehemu ya masomo yenyewe. Hupewa alama. Mzazi aliyelipa karo kwa kukata miwa na kuchuma chai hataki kuona jasho lake linakwama kwa kukosa barua moja.

Tuanze na sababu za milango kufungwa. Wanafunzi wengi hutoka vyuoni wakati mmoja, karibu na mwezi wa sita, na wote hukimbilia ofisi chache zinazojulikana za Kampala. Barua zao hulingana neno kwa neno: "Naomba nafasi yoyote." Msimamizi anaposoma barua kama hiyo hajui amweke kijana huyu wapi. Tena anaogopa ajali. Basi huiweka kando.

Dawa ya kwanza ni kutazama karibu. Anayesoma umeme asidhani kwamba kazi yake iko katika shirika la umeme tu. Kakira, kwa mfano, makapi ya miwa huchomwa kupata mvuke, mvuke huendesha mitambo ya umeme, na umeme wa ziada huuzwa kwa taifa. Kiwanda cha chai nacho ni darasa zima. Majani mabichi, ambayo sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, hunyaushwa kwa upepo wa mafeni. Kisha hukatwa na rola zenye meno, huachwa yageuke rangi, na hukaushwa kwa moto. Kuna mota, pampu, tanuri, na karakana ambamo meno ya rola hunolewa kila yanapochakaa. Mitambo ya maji ya mjini na gereji za magari makubwa pia zina mafundi wa kumfundisha kijana.

Dawa ya pili ni kuwahi. Barua ipelekwe miezi mitatu au minne kabla, pamoja na barua ya utambulisho ya chuo. Iandikwe kwa mkuu wa karakana au mhandisi mwenyewe kwa jina la cheo chake, na nakala iende ofisi ya wafanyakazi. Iseme mambo manne: anasoma nini na mwaka wa ngapi, anataka idara gani na kwa nini, ataanza na kumaliza lini, na anajua kufanya nini kwa mikono yake, hata kama ni kuchomelea vyuma au kuchora ramani ya mashine tu. Baada ya wiki mbili bila jibu, aende mwenyewe kwa adabu na kuuliza.

Hapa ndipo wewe mzazi una msaada mkubwa kuliko unavyodhani. Huna cheo, lakini unajua mambo ambayo mwanafunzi hawezi kuyasoma chuoni. Unajua ni lini kinu husimama ili mitambo ifunguliwe na kutengenezwa, na wakati huo mkono wa ziada huhitajika na kijana huona matumbo ya mashine. Unajua fundi gani ana moyo wa kufundisha. Mweleze mwanao, naye ayatie katika barua yake.

Mtu akidai pesa ili atoe nafasi, msitoe. Hiyo ni rushwa. Leteni habari kwa mjumbe wa chama.

Akishapata nafasi, kazi bado. Kila jioni aandike daftari lake: ameona nini, amefanya nini, kipimo gani, kasoro gani. Daftari hilo likaguliwe na msimamizi wa kiwanda na mwalimu wa chuo. Wala asione haya kufagia karakana siku ya kwanza. Lakini akifagia wiki sita, mwalimu aelezwe.

Jambo la usalama tunalisema kwa nguvu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 humtaka mwajiri asiwahatarishe hata watu wasio waajiriwa wake walio mahali pa kazi. Lakini mwanafunzi asidhani kwamba akiumia atalipwa fidia kama mfanyakazi. Kabla ya kuanza, aulize kwa maandishi: bima ni ya nani, ya chuo au ya kiwanda? Viatu vya kazi, glavu na kofia ngumu nani atatoa? Asiguse mashine bila fundi wake kuwapo.

Nasi wafanyakazi tuwe macho. Mwanafunzi amekuja kujifunza. Mahali ambapo vibarua wameondolewa na wanafunzi wasiolipwa wamewekwa badala yao, wote wawili wameonewa, na chama lazima kiulize. Lakini tusimchukie kijana. Mfundishe mtoto wa mwenzako leo, kwa maana wa kwako naye atabisha kwenye mlango wa mwingine.