Ukuta Wenye Milango: Silinda ya Mipigo Miwili Kati ya Ziwa na Milima

Pikipiki nyingi za wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wa Uvira, Nyakabere na vijiji vya jirani siku hizi ni za mipigo minne. Hata hivyo, injini ya mipigo miwili, yenye sauti kali na moshi wa buluu, haijastaafu. Yamaha AG100 na DT125, ambazo miradi ya afya na mashirika ya misaada yamezitumia sana mashariki mwa Kongo, bado zinapanda milima. Na huko kwenye Ziwa Tanganyika, mitumbwi ya mizigo inasukumwa na mota za Yamaha Enduro, nazo za mipigo miwili.

Injini hii haina vali kichwani. Matundu yamechongwa kwenye ukuta wa silinda, na pistoni ndiyo inayoyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Kwa hiyo fundi anayetengeneza ukuta uliochakaa anagusa pia namna injini inavyopumua.

Adui wa kwanza ni vumbi la bonde la Ruzizi. Kichujio cha hewa kikipasuka, chembe za vumbi hilo huingia na kusaga chuma kama msasa. Ziwani, mchanga wa ufukweni hula pampu ya maji ya kupoza. Joto hupanda, pistoni hutanuka na kukwama. Adui mwingine ni oili haba kwenye petroli ya chupa inayonunuliwa kwa kadhafi, yaani wauza mafuta wa barabarani. Mota nyingi za aina hii huhitaji lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na oili hiyo ndiyo inayolainisha kila kitu ndani.

Silinda haichakai sawasawa. Fundi huipima juu, katikati na chini, kisha hurudia kwa kuvuka, kwa sababu upande unaosukumwa zaidi na pistoni huliwa zaidi, na duara huwa yai. Silinda ya AG100 ina kipenyo cha milimita 52. Kati yake na pistoni huachwa nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Ikichakaa, huchongwa hadi kipimo kinachofuata, kwa kawaida hatua za milimita 0.25, na kuwekewa pistoni kubwa zaidi pamoja na ringi zake.

Baada ya kuchonga, kingo za matundu huwa kali kama wembe. Ringi ikipita hapo hutanuka kidogo, inanasa na kuvunjika. Fundi makini hulainisha kila ukingo kwa jiwe dogo, halafu husugua ukuta kwa mistari inayokatizana ili ishike oili. Kisha huosha silinda kwa maji moto na sabuni, maana petroli peke yake huacha unga wa jiwe kwenye mistari. Anafuta kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke safi.

Hapo ndipo kishawishi cha kuongeza kasi huingia. Mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, Ujerumani Mashariki, alionyesha jinsi mawimbi ya ekzosi yanavyoweza kurudisha ndani mchanganyiko wa hewa na petroli unaotaka kutoroka. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na maarifa hayo na kujiunga na Suzuki. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za cc 50. Lakini kupandisha tundu la ekzosi hata milimita moja huhamishia nguvu kwenye mizunguko ya juu na kuipunguza chini, mahali ambapo pikipiki yenye gunia la mihogo inaihitaji.

Mlima una hesabu yake. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za juu za Itombwe zinapita mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi, petroli inazidi, na buji (plagi ya cheche) inajaa masizi. Anayebadilisha jeti ya kabureta iwe ndogo akiwa juu, kisha akashuka nayo hadi ziwani, anapata mchanganyiko wenye petroli kidogo na joto kali. Mteremko nao una hatari yake: mafuta yakifungwa huku magurudumu yakizungusha injini kwa kasi, oili inayofika kwenye silinda hupungua mno. Madereva wanaolijua hilo hubana klachi au hufungua mafuta kidogo kila mara njiani kushuka.